Uliza Kama Chakula Kilikuwa Kitamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilimuuliza mwanamume mwenye mvi kama anahara, akanijibu kwamba hajawahi kuhara tangu azaliwe. Tulikuwa wawili tu, uani nyuma ya ofisi ya zone ya afya, yeye amekaa juu ya kreti ya soda, mimi nimesimama na kalamu. Mwanamume huyo alikuwa mkuu wangu, Papa Bahati, na lile lilikuwa somo.

"Umeona?" akasema. "Umeniuliza ulizo la 'hapana', nimekupatia 'hapana'. Sasa unarudi nyumbani na nini?"

"Na hapana, Papa."

"Anza tena. Acha tumbo yangu. Niulize juu ya chakula."

"Jana ulikula nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo cha nini?"

"Cha ile ilikuwa pale." Alinitazama kwa huruma. "Katungu, batu hawapendi kusema walikula nini. Mwenye alikula sana anaona haya. Mwenye hakukula njo anaona haya kupita bote. Uliza kama chakula kilikuwa kitamu. Pale mutu anajisahau."

Vijana wangu mnaobaki kitengoni, mliniomba niandike niliyoyaona kabla sijaanza kuyasahau. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi. Majina ya watu nimeyabadilisha, isipokuwa ya mbuzi, ambao hawakuwa nayo.

Nilifika Goma kutoka Butembo nikiwa muuguzi kijana, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka mpaka na magodoro vichwani, na baada yao vita vyetu wenyewe vikafuata, kimoja kikikanyaga visigino vya kingine. Kazi yetu ilikuwa moja: pakizuka ugonjwa, twende tuulize umetoka wapi. Vifaa vyetu vilikuwa pikipiki ya zone, vichupa vya plastiki vyenye vifuniko, na sanduku la barafu la bluu la kubebea vichupa hivyo. Pikipiki ilikuwa na tabia zake. Ilikubali kupanda mlima, ilikataa kushuka.

Sanduku lile lilitutia matatani zaidi ya ugonjwa wenyewe. Siku moja tulikuwa tunatoka Kibumba, ambako watu waliokimbia mapigano walikuwa wamejaa mashambani katikati ya kabichi, na askari wa bariyeri ya barabarani akataka kuona tunaficha nini.

"Munabeba nini mule?"

"Ni mavi, chef," Papa Bahati akajibu kwa heshima zote.

"Ya nani?"

"Ya raia."

Askari akafikiri. "Na munaipeleka wapi?"

"Ku laboratoire ya kupimia, mbali. Ikifika Goma itapanda ndege."

Askari akalitazama sanduku. Kisha akaitazama barabara, akina mama na mizigo yao, watoto wanaoburuta miguu kwenye matope. "Batu wanatembea na miguu," akasema, "mavi inapanda ndege." Akatufungulia bariyeri bila kudai kitu.

Lakini kesi ambayo mpaka leo watu husimama njiani kunikumbusha ni ile ya karamu ya mtaa wa Murara.

Vita vya milima ya Masisi vilikuwa vimemleta Goma mama mmoja mjane, ambaye nitamwita Mama Furaha. Kwao walikuwa wakulima na wafugaji. Hapa alikuwa amejibana kwa ndugu yake kule Mabanga, na akiuza jibini sokoni. Binti yake Furaha akapendana na kijana Kambale, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Butembo waliokaa Murara. Vijana walielewana. Wakubwa walichekeana meno tu. Vita vilikuwa vimemfundisha kila mtu kuogopa sufuria ya jirani, na hapa kwetu kuna hofu ya karuho, sumu ya kienyeji ambayo hakuna aliyeiona lakini kila mtu ana shangazi aliyeuawa nayo.

Aliyeogopa kupita wote alikuwa baba mkubwa wa Kambale, Papa Paluku, mzee mnene, mwenye magari mawili ya kubeba maharagwe na vitunguu. Karamu ya kuziunganisha familia kabla ya harusi ilifanyika uani kwake, siku ya Jumamosi mchana. Kabla jua halijazama, wageni walikuwa wamejipanga mbele ya choo wakisukumana, na waliokosa nafasi walikuwa migombani. Jumapili asubuhi, misa ya kwanza ikiwa haijaisha, tuliitwa kwenye kituo cha afya.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walilala wawili wawili kitandani, kichwa huku miguu kule, na suti zao za karamu. Nje ya lango walisimama vijana wa ukoo wa Paluku, na mmoja wao alikuwa amekuja na tairi. Kila mtu wa Goma anajua tairi lisilo na gari linakuja kufanya nini: ni la kumchomea mtu.

"Kwa nani?" nikamuuliza muuguzi wa kituo.

"Kwa mama wa bibi harusi. Alikuja kuangalia bandugu zake bagonjwa. Banasema aliweka karuho."

"Kwa nini yeye?"

"Juu eko mzima."

Muuguzi alikuwa amemfungia katika chumba cha kupimia watoto uzito, na ufunguo ameuweka ndani ya soksi. Papa Bahati alitazama lango, akatazama tairi, akavua kofia.

"Tufanye mbio," akasema, "lakini tufanye vizuri."

Kulikuwa na jambo moja la kuchekesha, ingawa wakati ule sikucheka. Papa Bahati alikuwa mtu wa Masisi, mimi wa Butembo. Kila upande ulimwona mmoja wetu kuwa ndugu na mwingine kuwa adui. Akagawa kazi: mimi niwaulize watu wa Masisi, yeye awaulize wa Butembo. "Ili batuchukie bote sawasawa," akasema.

Swali la kwanza lilikuwa kama ni kipindupindu, maana miaka ile mtu hakuweza kukimbilia choo bila daktari mkuu wa zone kutaka kufunga soko. Lakini hawa walikuwa wameanza kwa kutapika, tumbo likiwakata, na walianza mchana uleule kabla sahani hazijaoshwa. Majirani waliochota maji bomba moja na Paluku walikuwa wazima, wakichungulia juu ya ukuta wa kituo. Kipindupindu hakiangalii kadi ya mwaliko. Kilichowaangusha kilikuwa katika chakula.

Tukaanza kuuliza, na wote wakaanza kudanganya.

Katekista alikuwa amelala kwenye kona, uso wa rangi ya majivu. Alimwambia Papa Bahati kwamba hakula chochote, alibariki tu.

"Ulibariki sahani ngapi, katekista?"

Akafumba macho. "Ya tatu ilikuwa ndogo."

"Na nyama ilikuwa tamu?"

"Yesu wangu," akasema katekista, na hilo tukaliandika kuwa ndiyo.

Shangazi wa Kambale, Mama Kahindo, aliapa kwamba alionja wali peke yake. Aliapa huku amekumbatia mkoba mkubwa mweusi ambao hakuuachia hata alipokuwa akitapika. Mkoba ulikuwa unanukia kitunguu. Papa Bahati hakumuuliza juu ya mkoba. Alimwambia kwa upole kwamba sufuria zote zimeoshwa, sisi tumebaki mikono mitupu, na kama tungepata hata kipande kimoja cha nyama ile, basi mwenye nacho angekuwa ameokoa roho ya mtu.

Mama Kahindo aliulegeza mkono juu ya mkoba. "Sikuiba," akasema. "Nilibebea mume wangu." Akafungua mkoba, na ndani ya mfuko wa plastiki mlikuwa na nyama ya kumtosha mume yule pamoja na majirani zake. Tuliiweka katika sanduku la barafu kwa heshima, kama maiti ya chifu.

Wagonjwa wakisha kuwaambia wanachoogopa, nendeni kwa wazima. Wazima watawaambia walichoacha. Nikatafuta waliokuwapo karamuni na hawakuugua. Bibi harusi alikuwa mzima, lakini huyo hakula kitu, maana msichana hali mbele ya wakwe zake, hutazama kucha. Wapiga ngoma walikuwa wazima wote, nao niliwakuta langoni wamenuna.

"Chakula kilikuwa kitamu?" nikawauliza.

Ilikuwa kama kuvuta kizibo. Walikuwa wamechelewa, wakakuta nyama imekwisha, wakapewa maharagwe, viazi, wali na sombe ya majani ya muhogo. Waliniambia kila sahani ilikuwa na nini na nani aliyeipakua, na nani alipewa paja. Katika miaka yangu yote sijapata shahidi mzuri kama mtu aliyenyimwa nyama.

Basi ikabaki nyama. Na ikabaki Mama Furaha, aliyekuwa amekaa meza kuu, akapakuliwa nyama mbele ya watu, na bado yu mzima. Muuguzi akatoa ufunguo kwenye soksi, nikaingia.

Alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mizani, kitenge cha sherehe bado kiunoni, mikono mapajani. Sauti za langoni zilifika mle ndani wazi kabisa. Aliposikia ninavyotamka maneno alijua mara moja natoka wapi.

"Bamekutuma baku Butembo," akasema.

"Nimetumwa na zone, mama. Nyama ilikuwa tamu?"

"Sikuila."

"Wanasema ulipewa sahani imejaa."

"Nilipitisha kwa mwenye alikuwa pembeni yangu. Katekista."

Nikamuuliza sababu. Akakunja pindo la kitenge. Nikamwambia kwamba nje kuna tairi, na kwamba kunyamaza kwake kunalisogeza lile tairi karibu. Aligeuka kuuelekea mlango kuhakikisha umefungwa, akafungua kinywa. Magego hayakuwapo. Kulia yamebaki mawili, kushoto hakuna kitu.

"Ile wakati ya kukimbia nilianguka juu ya mawe," akasema. "Sasa mi nakula viazi na maziwa. Ningetafuna ile mbuzi mbele ya bamukwe, saa ngapi ningeimaliza? Bangesema tumebapatia binti wa mama muzee asiye na meno. Afazali niwe mulozi."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimshika mkono, nikamwambia nitarudi. Nilipotoka nilikuwa najua kwa nini yeye ni mzima, na sikuwa na ruhusa yake ya kulisema.

Papa Bahati alikuwa kando ya kitanda cha Papa Paluku, ambaye hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya wote. Dripu ilikuwa inaisha, nikaenda kuibadilisha. Mzee alikuwa akifoka kwa pumzi alizobakiza. "Ni yule mama! Yule!" Na kila akisema yule, alinyoosha mkono kuelekea chumba cha mizani. Kwenye dole gumba la mkono huo palikuwa pamefungwa kitambaa cha rangi ya kahawia, ambacho nadhani wakati fulani kilikuwa cheupe. Nikaushika mkono kana kwamba natafuta mshipa. Dole lilikuwa limevimba kama kiazi, na usaha umepita kitambaa.

"Papa, hapa uliumia na nini?"

"Musumari ya kreti. Wiki ile. Acha kidole, shika sumu!"

Nikamtazama Papa Bahati. Naye alikuwa ameona. Tukatoka nje nyuma ya jiko.

"Tumwambie?" nikauliza.

"Umwambie mukubwa wa ukoo, mbele ya vijana yake, kama usaha yake njo imelalisha karamu muzima? Atakataa. Na akikataa, sisi pia tutatafutiwa tairi."

"Tukinyamaza, mama atakufa."

Papa Bahati alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini saa ile hakufanya mzaha. "Katungu," akasema, "muzee analia tangu asubuhi anataka kuongea na batu. Tumupatie batu. Na we umuulize sawa vile nilikufundisha."

Tukakitoa kitanda cha Papa Paluku barazani, wauguzi wanne wakibeba na mmoja akisali. Mimi nilisimama kando nikiwa nimeinua chupa ya dripu, mkono juu kama mtu aliyekamatwa. Vijana wakasogea. Wapiga ngoma wakasogea. Wagonjwa wenye nguvu wakaja na vyombo vyao vya kutapikia. Mwenye tairi alikuja nalo.

"Papa Paluku," nikasema, "wote wanasema mbuzi walikuwa watamu sana. Nani aliwanunua?"

Mzee akafumbua macho. Hakuwa ametegemea swali hilo, na lilimpendeza. "Mi mwenyewe! Nitatuma mutu? Na hii mambo ya karuho?"

"Na kupika?"

"Bapishi batatu, lakini mi nilisimama pale, tangu moto inawashwa. Niliweka kiti yangu mbele ya sufuria. Hata mutoto hakupita."

"Na ilipoiva?"

"Niliitoa mi mwenyewe, nikaipasua na mikono yangu, kipande kwa kipande, niangalie kama kuko kitu ndani. Nikaweka mu mabeseni, nikafunika na kitambaa, nikakaa pembeni mpaka bageni bafike."

"Kutoka asubuhi mpaka mchana? Hukuondoka hata kidogo?"

"Nikaribishe sumu?" Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, na nguvu zilikuwa zinamrudia. "Hakuna mutu wa Masisi alikaribia ile nyama. Hakuna mutu wa Butembo alikaribia. Hata inzi! Ile nyama ilishikwa na mikono hii, basi!" Akaiinua mikono yote miwili juu, watu waione.

Kisha mpiga ngoma mmoja, bado na njaa ya jana, akauliza kutoka nyuma: "Sasa ule mama aliweka sumu saa ngapi?"

Nilishuhudia swali lile likitembea kutoka uso huu kwenda ule. Vijana wa mbele wakageuka kutazamana. Papa Paluku alibaki na mikono hewani, na macho ya watu wote, taratibu, yakapanda kwenye dole gumba.

Papa Bahati akasogea, akaomba ruhusa, akakifungua kitambaa. Watu wakasema "Eeeh!" kwa pamoja. Akawaeleza kwa maneno machache, bila kumtazama mzee: kidonda chenye usaha kina vijidudu, nyama ya uvuguvugu iliyofunikwa ni shamba lao, na vikikaa humo tangu asubuhi huacha uchafu ambao hata moto hauuondoi. Hakuna aliyewaloga. Wote watapona, wengi wao leo. Katekista, ambaye sasa alikuwa anahesabu sahani zake upya pamoja na ile aliyopitishiwa, alikimbilia nyuma ya jiko.

Papa Paluku alishusha mikono. Alionekana mdogo ghafla, mzee wa kawaida aliyelazwa. "Basi," akasema polepole, "mi njo nilibapatia sumu?"

"Hapana, Papa," akasema Papa Bahati. "Ni kidole. We ulikisindikiza tu."

Aliyeanza kucheka ni Mama Kahindo, na mkoba wake. Kisha wapiga ngoma. Yule kijana aliyeleta tairi aliliviringisha taratibu kuelekea barabarani, kama mtu anayetafuta fundi wa kuziba tobo. Muuguzi akafungua chumba cha mizani, Mama Furaha akatoka, akapita katikati yao wote kichwa kimeinuka, mdomo ameufunga. Juu ya meno yake sikusema neno, wala siku ile wala baadaye, mpaka yeye mwenyewe alipoyataja kwenye harusi, akicheka.

Nyama ya mkoba tuliipeleka maabara. Majibu yalirudi Furaha akiwa na mimba ya kuonekana. Yalisema tuliyokwisha kuyasema, kwa Kifaransa kizuri zaidi. Msiache kupeleka vichupa kwa sababu hiyo. Mara nyingine majibu yaliturudia yakatuaibisha, na hilo nalo lina faida.

Jumatatu asubuhi nilipita kituoni kuangalia waliobaki. Alikuwa amebaki Papa Paluku, dole limepasuliwa na kufungwa bendeji safi, uso ameugeuzia ukutani. Ndugu zake walikuwa wamekaa pembeni wakimwonea haya. Ndipo akaingia Mama Furaha na termosi ya uji na kikombe cha bati.

Alimimina. Akakipeleka kikombe mbele ya mzee, kisha akakirudisha kidogo kifuani kwake, kama wafanyavyo watu wetu wanapotaka kuonja kwanza ili mgeni anywe bila shaka.

"Nionje mbele?" akauliza.

Papa Paluku alikitazama kikombe. Nadhani karuho zote alizosimuliwa tangu utotoni zilipita machoni pake pale.

"Hapana," akasema. "Leta."

Akanywa bila kupumua mpaka chini, huku ndugu zake wamesimama nusu, tayari kumdaka. Hakuanguka. Alipangusa masharubu, akamrudishia kikombe.

"Sukari ilikuwa kidogo," akasema.

"Basi kesho utaweka we mwenyewe," Mama Furaha akamjibu, akimimina kingine. "Lakini utanawa kwanza."